Tenga Moja kwa Kila Mlango

Jumamosi, tarehe 1 Machi

Leo nimetukanwa kwa adabu, na mtu aliyesoma. Hakuna tusi linalouma kama hilo.

Kikao cha wapangaji, uani, mikate ya asubuhi ilipokwisha. Mwenyekiti ni Mwalimu mstaafu wa mlango wa pili. Huniita shemeji kwa kuwa alikuwa rafiki wa marehemu mume wangu. Ajenda: moshi. Moshi wa nani? Wote wakageuka kutazama tanuri langu. Tanuri la matofali, limejengwa kwenye ukuta wa ua kabla hata choo hakijajengwa! Nikawauliza kama huo mkate wanaokula kila siku huiva kwa maombi.

Dobi wa ghorofani ndiye mchokozi. Anafua mashuka ya zahanati. Anasema kila akianika, masizi. Zahanati wamemrudishia fungu zima. Nikamwambia aanike ndani. Akasema, mama, nikianika ndani watoto wangu walale wapi, kwenye kamba? Watu wakacheka. Mimi sikucheka, ingawa ilichekesha.

Ndipo Mwalimu akajikohoza. Kasikia redioni kwamba mataifa ya dunia yanabishana juu ya moshi. Hewa ni moja, moshi umezidi, sasa lazima yagawane kiasi cha kuchoma, na wapo wanaotaka kila nchi ipewe sawa na mwenzake. Basi na sisi tufanye hivyo. Milango ni mitano. Kila mlango tenga moja la kuni kwa siku. Sawa kwa sawa, hakuna mkubwa, hakuna mdogo.

Mikono ikapanda. Minne. Mpaka wa Kinyozi, ambaye hana hata jiko!

Tanuri langu linakula matenga matatu. Mtoto anayetambaa anajua hilo.

Jioni mwanangu kapiga simu. Habari zimeshamfikia, sijui nani mbeya. Sauti ya asali: mama, hii ndiyo nafasi, zima hilo tanuri uje ukae kwangu, chumba kipo, televisheni ipo, upumzike. Nimewahi kupumzika kwake. Sakafu inateleza, mkwe wangu ananinyang'anya ufagio, na tangu asubuhi mpaka jioni hakuna mtu anayekuja kuniomba kitu. Tanuri hili likizimika, mimi ni wa kukalishwa kwenye kochi na kufunikwa kitambaa kama redio mbovu. Nikamwambia mtandao haushiki. Nikakata.

Sizimi kitu.


Jumapili, tarehe 2 Machi

Nimepata dawa yao. Nimeipata nikiwa nasuka nywele za mjukuu wangu, nikamvuta kwa furaha mpaka akapiga ukelele.

Wamesema tenga moja. Hakuna aliyesema tenga la ukubwa gani! Wasomi wangu wale, hawakufikiria. Nikaenda kwa msusi wa matenga kule sokoni, nikamwambia anipe kubwa kuliko yote. Akanionyesha moja la kubebea kuku. Nikamwambia aache utani na mtu mzima. Akaunganisha mawili. Wapagazi wawili wakalibeba mpaka nyumbani, njia nzima watu wananiuliza kama nahama.

Halikupita mlango wa ua.

Tukalisukuma. Likaingia nusu, likakwama. Halitoki, haliingii. Mwalimu alikuwa ndani anataka kutoka, Dobi alikuwa nje na furushi kichwani anataka kuingia, na mimi katikati nasema nyie tulieni, ni tenga tu. Kinyozi akachungulia kwa chini, akasema mke wangu, ungetuambia mapema kwamba unahamisha nyumba ya jirani tukusaidie. Huyu kijana hunitania hivyo kila siku.

Seremala wa mlango wa nne akaleta msumeno, akalikata vipande vipande. Mwalimu akatangaza, kwa adabu ileile, kwamba vipande hivyo ni kuni, na kwa kuwa ni vyangu, vihesabiwe kwenye fungu langu la kesho.


Jumatatu, tarehe 3 Machi

Tanuri si jiko. Nimewaeleza watu hawa miaka nenda rudi. Jiko unalibembeleza, linakubali. Tanuri lazima matofali yapate moto mpaka moyoni. Ukilipa kuni nusu, linakupa mkate nusu.

Nimelilisha tenga moja, la vipande vya tenga. Mikate ikatoka nje myeusi, ndani uji. Dereva wa lori, mteja wangu wa tangu hajaoa, akaubonyeza mkate kuona kama umeiva. Kidole gumba kikazama. Akaniangalia kwa huruma. Afadhali angenitukana! Akauchukua hivyohivyo, na kidole kikiwa ndani.

Mchana mjukuu karudi kutoka shule. Yuko sekondari, ulimi mrefu, karithi kwa upande wangu. Akanikuta nimenuna. Akasema, bibi, hayo mambo ya Mwalimu ndiyo mdahalo wetu wa wiki hii. Si wote wanaokubali kila nchi ipate sawa. Wengine wanasema nchi moja ina watu kidogo, nyingine imejaa watu tele, mbona fungu liwe lilelile? Wagawiwe watu, si nchi. Kila kichwa na chake.

Nikasimama. Kila kichwa na chake! Hiyo ndiyo haki. Mimi siku zote nimekuwa mtu wa haki.

Akanikumbusha kwamba mlango wetu tuko wawili. Nikamwambia kwa leo.


Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimempigia simu mdogo wangu kule anakoishi. Nimemwambia naumwa, aje upesi, na asiwaache wajukuu wake nyuma. Nilikohoa kidogo kwenye simu. Kikohozi kilikuja chenyewe, sikudanganya sana.

Mwalimu kaipokea hoja yangu ya vichwa kwa furaha. Eti hata huko duniani wanabishana hivyohivyo, kwa hiyo tunaendelea vizuri. Huyu mzee anafurahia ugomvi ilimradi uwe na mpangilio. Kikao Ijumaa, tuhesabiane.

Mikate ya leo imetoka kama ya juzi. Foleni ilikuwa fupi. Sitaki kuandika ilikuwa fupi kiasi gani.


Ijumaa, tarehe 7 Machi

Aibu! Aibu ya kuoga nayo!

Mdogo wangu kafika asubuhi na wajukuu sita na mikeka yao. Kaanza kulia tangu barabarani. Kavaa nguo nyeusi kabisa, kajiandaa. Akaingia uani kwa kilio, akanikuta nakanda unga, mikono mpaka viwikoni. Kilio kikakatika. Akanitazama kwa hasira nisizowahi kuziona, akasema kumbe u mzima. Utadhani nimemwibia kitu. Watoto wakaenda moja kwa moja kwenye mikate, na kwa ubovu wake wote wakaimaliza. Angalau kuna wateja walioridhika.

Kikao. Nikawapanga watu wangu mbele kwa urefu, nikasema hesabu. Mlango wangu ukawa umefurika. Nikamtazama Dobi kwa jicho la pembeni.

Dobi akafungua mlango wake kule juu. Wakaanza kushuka. Watoto wake. Mama yake na fimbo. Wadogo zake wawili wanaomsaidia kufua. Mtoto wa mdogo wake. Mwingine tena. Ngazi inalia, watu wanashuka. Sikujua chumba kile kinachukua watu wote hao, labda kweli huwa wanalala kwenye kamba. Mwisho akashuka mwenyewe polepole, akajishika tumbo, akasema na huyu.

Nikasema ambaye hajazaliwa hachomi kuni. Akasema ni kweli, mama, hachomi, lakini ndiye atakayeuvuta huo moshi kwa muda mrefu kuliko sisi wote hapa.

Nikaanza kuwapanga upya watu wangu kwa urefu. Nilikuwa natafuta jibu. Bado nalitafuta.

Halafu Mwalimu akauliza kama wageni wangu wanahamia au wamekuja kusalimia. Kabla sijafungua mdomo, mdogo wangu akadakia mbele ya kadamnasi: kuhamia hapa? Mungu apishe mbali, yeye anaondoka kesho asubuhi, ua wenyewe moshi mtupu!

Damu yangu mwenyewe!

Ikabaki mimi na mjukuu, vichwa viwili. Kwa Dobi wamejaa mpaka kwenye ngazi. Kwa hesabu ya vichwa sipati hata tenga, napata kiganja. Nikasema naiondoa hoja, turudi kwenye milango. Mwalimu akasema lakini shemeji, hoja ni yako. Nikasema ndiyo maana naiondoa mimi. Kinyozi akasema mke wangu, leo umejipalia makaa, na hata makaa yenyewe si fungu lako.


Jumamosi, tarehe 8 Machi

Mdogo wangu kaondoka. Hakuaga. Kachukua unga wangu kidogo wa safari.

Mjukuu kaniambia jinsi mdahalo ulivyokwenda. Wameshinda! Hoja yao: kugawana sawa leo si sawa, kwa sababu wapo waliochoma tangu zamani wakaneemeka, hewa ikajaa uchafu wao, na wapo ambao ndiyo kwanza wanawasha. Basi waliochoma zamani wapunguze kwanza, hawa wapya waachiwe nafasi. Kasema ukumbi mzima ulipiga makofi.

Hoja tamu kama nini! Nikamwacha bado anaeleza, nikatoka. Wapangaji wote walikuwa bombani wanachota maji. Nikapanda juu ya jiwe la kufulia. Nikawaambia hawa waliotuchafulia hewa tangu zamani wasijifanye malaika leo. Wapunguze wao! Nikamtaja Seremala na maranda yake anayochoma kila Jumapili. Nikamtaja Mwalimu na pasi yake ya mkaa ya enzi zile, suruali zenye mikunjo mikali, nani kasahau? Nilisema vizuri sana. Niliusikia mwenyewe uzuri wake.

Mwalimu akaniuliza taratibu: katika ua huu, shemeji, nani kachoma kwa muda mrefu kuliko wote?

Sasa mtu akikuuliza jambo la heshima yako, utanyamaza? Nikasema mimi! Mimi nimekuwa hapa nyie hamjazaliwa, wengine mlikuwa hamjajua kufunga vifungo. Nimewasha moto hapa kila alfajiri ya Mungu, ukuta huu mnaouona ulikuwa mweupe!

Wote wakautazama ukuta. Na mimi nikautazama. Mweusi tii, mpaka kwenye paa.

Mjukuu wangu alikuwa kasimama mlangoni. Kajifunika uso kwa daftari.

Seremala, bado na kinyongo cha maranda, akapendekeza nipunguziwe kutoka tenga moja hadi nusu. Nikaona kochi la mwanangu mbele ya macho yangu, na kile kitambaa. Dobi ndiye aliyekataa. Kasema mwacheni mama na tenga lake, naye anahitaji kula. Watu wakatawanyika.

Sikumshukuru. Nani alimwomba?


Jumatatu, tarehe 10 Machi

Jambo la ajabu. Nachoma theluthi ya kuni zangu, na moshi umezidi. Leo hata kuku wa Seremala wanapiga chafya.

Nikazunguka kuchunguza. Mlango wa pili: Mwalimu, mwenye jiko la umeme la sahani mbili, kakaa kwenye kiti mbele ya moto mkubwa wa kuni, jua la saa sita, gazeti mkononi, jasho linamtiririka mpaka kwenye miwani. Nikamuuliza anapika nini. Hapiki kitu. Nikamuuliza kama ana homa. Hana. Kasema hili ni fungu lake kihalali, na asipolitumia, kesho mtu atasimama juu ya jiwe aseme halihitaji. Akaniangalia sana aliposema mtu.

Mlango wa nne: Seremala anachoma vipande vya mbao ambavyo angevitengenezea stuli. Mlango wa tano: Kinyozi kanunua jiko, anachemsha maji ya kunyolea. Wateja wanaruka. Na ghorofani Dobi mwenyewe, mlalamikaji, ambaye siku zote amefua kwa maji baridi, kaweka pipa motoni anatokosa mashuka. Nikampigia kelele kutoka chini: na wewe? Akaniambia ni tenga langu, mama, kwa nini lioze?

Zamani ua huu ulikuwa na moto mmoja. Sasa mitano, na hakuna anayekula vizuri.

Nikacheka mpaka nikakohoa. Kikohozi kikagoma kwenda. Mjukuu kaniletea maji, kaniangalia mpaka nikayamaliza. Sipendi akiniangalia vile, anafanana na baba yake akiwa na simu.


Jumanne, tarehe 11 Machi

Nimekwenda kwa Kinyozi kuongea biashara. Yeye mseja, kuni za nini? Nikampaka mafuta kwa mgongo wa chupa: kijana mtanashati, mchapa kazi, wanawake wa mtaa huu ni vipofu. Akasema mke wangu, sema unataka tenga.

Akakubali, kwa sharti. Anataka wateja wa kike, na hawaji. Nikae kwenye kiti chake dirishani, anitengeneze nywele za kisasa, watu wapite waone kwamba hata bibi mwenye akili zake anamwamini. Nikakubali. Kwa ajili ya tanuri nimefanya makubwa zaidi.

Kaninyoa pembeni kote, kaniachia juu kama kofia. Mjukuu aliponiona alikaa chini. Mwalimu alinipita akasema habari za asubuhi, kijana.

Lakini tenga la pili ninalo! Nimelitia ndani, nimelifunika. Kesho mkate wa maana.


Jumatano, tarehe 12 Machi

Kuni za Kinyozi ni mbichi. Amekata mti ulioanguka nyuma ya duka, bado una majani. Hajawahi kununua kuni maishani, atajuaje?

Nikajua nilipowasha. Ningeweza kuzitoa. Ila nikasema zitakauka humo humo. Hazikukauka. Moshi ukatoka mzito kama maziwa ya kuganda, ukapanda, ukasimama pale juu, hauendi. Niliupepea kwa ungo mpaka mkono ukafa ganzi. Kutwa nzima hivyo. Kule ghorofani madirisha yakafungwa moja moja.

Mikate ilinukia kama godoro lililoungua. Nimeitupa. Sijawahi kutupa mkate.


Alhamisi, tarehe 13 Machi

Asubuhi nimemkuta Dobi kakaa kwenye ngazi, mashuka mapajani, yote rangi ya panya. Halii. Mtu anayelia najua nimwambie nini, maneno ninayo. Asiyelia ananishinda.

Zahanati wamemwambia mara moja tena, na kazi inakwenda kwa mtu mwingine. Kasema hivyo tu. Hakunitaja, wala hakulitaja tenga la Kinyozi.

Nikachukua nusu ya mashuka, nikapanda ngazi. Miaka sijapanda ngazi ile, magoti yangu hayana urafiki nayo. Nikafika kwenye kibaraza chake, nikasimama pale anapoanika. Nikachungulia chini. Bomba langu la moshi linaishia pale pale, chini ya kamba yake, kama mtu aliyefungua mdomo. Nilikuwa nimezoea kulitazama kutoka chini. Ukiwa chini unaona moshi unapanda, unaenda zake mbinguni. Kumbe hauendi mbinguni. Unaenda kwa Dobi.

Nikakunja kanga, nikafua. Tumefua kutwa. Kanigombeza kwamba ninavyokamua si sawa, mama, hilo si donge la unga, utalichana. Nikamwacha anigombeze. Mtu na kazi yake.

Tukiwa tunasuuza nikajisifia kidogo, kwa mazoea. Nikamwambia tanuri langu si kama hivyo vijiko vyao, likishashiba matofali yanakaa na moto mpaka jioni, ukiweka sufuria ya maharage saa nne, saa nane imeiva yenyewe, hata maji ya kufulia yanachemka bila ukuni mwingine. Dobi akaacha kusuuza. Akauliza, na huo moto wa mchana kutwa huwa unafanyia nini? Nikasema hakuna, unapoa. Akaniangalia kama vile nimemwambia kila siku namwaga maziwa mtaroni.

Kasema atazungumza yeye kikaoni. Mimi ninyamaze. Nimwahidi. Nimemwahidi.


Jumamosi, tarehe 15 Machi

Kikao. Nilinyamaza! Niliuma mdomo mpaka ukavimba, lakini nilinyamaza. Kinyozi alinigusa paji la uso kuona kama nina homa.

Dobi kasema hivi. Mioto mitano izimwe. Moto uwe mmoja, wa tanuri, na kuni zake matenga matatu kavu. Mikate ikitoka, kila mlango alete sufuria yake na ndoo yake ya maji, viwekwe humo. Matenga mawili yaliyobaki yasichomwe na mtu yeyote, hilo ndilo fungu la hewa. Na bomba la moshi lirefushwe lipite paa, tuchange wote.

Seremala kauliza nani atapanga sufuria zote hizo. Wote wakaniangalia. Nikaonyesha mdomo wangu, kwamba nimekatazwa kusema. Dobi akasema haya mama, sema. Nikasema atakayeleta sufuria chafu nitamrushia nayo.

Mikono ikapanda yote. Mwalimu alifurahi, kasema mataifa yangekuja kujifunza hapa. Ila baadaye nilimwona kasimama peke yake kwenye majivu ya moto wake, anayachokoa kwa kiatu. Alikuwa ameshauzoea, maskini. Nimemwambia aje na kiti chake akae karibu na tanuri. Kasema shemeji, asante. Kisha kasema nywele zimeanza kukaa vizuri. Mwongo.


Jumatano, tarehe 19 Machi

Fundi mwashi kamaliza bomba jana. Leo tanuri limekula likashiba. Mikate imetoka inaimba, ule mlio wa ganda linapopasuka kwa hewa ya nje. Dereva wa lori kabonyeza wake, kidole kikarudi chenyewe. Foleni mpaka nje ya ua.

Saa nne zikaja sufuria. Maharage ya Mwalimu, ndoo ya Kinyozi, pipa la Dobi, kila mtu anataka la kwake liwe mbele. Nikawa napiga kelele kwa raha zangu: hilo ondoa, hilo sukuma, wewe kifuniko kiko wapi, umekulia porini?

Katikati ya hayo nikamwona mwanangu. Kaja na gari na mabegi mawili matupu ya kubebea vitu vyangu. Kasimama na mabegi yake, hajui pa kuyaweka. Mama mmoja akamwambia kaka, nenda mwisho wa foleni. Akaenda! Alipofika mbele nikampa mkate wa moto, akaumega palepale akiwa amesimama, akapuliza vidole, vilevile kama alivyokuwa akifanya utotoni, hana meno ya mbele. Akala wote. Akauliza nywele zimefanya nini. Nikamwambia ni biashara. Akaenda zake na mabegi yake matupu. Kochi hakulitaja.

Dobi akaita kutoka juu, mama, njoo uone! Nikamwambia nina kazi. Alipoingia ndani nikarudi nyuma hatua kidogo, nikatazama. Mashuka yote, kamba nzima. Meupe mpaka yanaumiza macho.


Ijumaa, tarehe 21 Machi

Wametuletea ugomvi!

Wajumbe kutoka ua wa pili, ng'ambo ya ukuta. Wanawake watatu na bwana mmoja mwenye kofia. Wamenishikia shati jeupe mbele ya uso kama vile mimi ndiye wa kulifua. Lina masizi. Eti tangu tumerefusha bomba, moshi wetu unaruka ukuta, unatua kwao. Nikawauliza kama upepo ni mtoto wangu.

Bwana mwenye kofia akasema wamesikia tulivyogawana, nao wanataka tugawane, ua kwa ua. Nikasema vizuri, karibuni. Akasema ila kwa vichwa. Ua wao umejaa, watu wanaishi mpaka stoo, sisi tuko wachache na tunawafukiza wote wale. Kwa vichwa! Nikamuuliza nani kawafundisha ujinga huo. Kuhesabu vichwa ni tabia ya watu wanaopenda kuchungulia watoto wa wenzao. Ua ni ua! Huu mmoja, ule mmoja, sawa kwa sawa, hakuna mkubwa, hakuna mdogo.

Mwanamke mmoja akasema lakini mama, nyie mmechoma tangu zamani. Nikamwambia ya zamani yamepita, tunafukua makaburi? Tuishi leo.

Nikamwita Mwalimu awaeleze kisomi, yeye ndiye hodari wa sawa kwa sawa. Akavua miwani. Akaifuta. Akaivaa. Akasema shemeji, hebu nikae kwanza. Mjukuu wangu kaingia ndani, nimemsikia anacheka kwenye mto. Dobi kawaomba lile shati alifue yeye, na kanishika mkono: mama, twende tukaione kamba yao ilipo. Nimemwambia aende yeye, mimi magoti.

Tena sina muda. Nimeshamwita yule fundi mwashi. Anasema bomba likiongezwa kipande kingine kimoja, kirefu kuliko kile cha kwanza, moshi utaruka na ua wao pia, hautagusa hata kigae. Utakwenda kutua kule mbele, barabara ya pili. Huko wanakaa watu gani sijui. Nao hawajui kwangu.

Anaanza Jumatatu.